Humboldt: Wilaya ya Milima, Misitu na Bahari

Watu wengi wanaposikia jina la California, jimbo lile la magharibi ya Marekani, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye jua kali, mashamba ya machungwa na picha za sinema. Mambo hayo yapo kweli, lakini makao yake ni upande wa kusini. Kaskazini ya jimbo hilo hilo, mwendo wa kilometa zipatazo 435 kwa barabara kutoka San Francisco, iko wilaya ya Humboldt, nchi ya mvua na ukungu, yenye milima iliyosimama kama kuta na miti mirefu kuliko yote duniani.

Wilaya hiyo iko mbali sana na Afrika, na huenda msomaji akajiuliza yamhusu nini. Yamhusu kwa sababu habari zake ni habari za nchi yoyote iliyojaliwa mali ya asili: jinsi mali ilivyogunduliwa, nani aliyefaidika, nani aliyeumia, na ni kitu gani kilichobaki baada ya mavuno.

UMBO LA NCHI

Jimbo la California limegawanywa katika wilaya 58. Humboldt ina eneo la nchi kavu la kilometa za mraba 9,240 hivi, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha wakazi 136,463. Basi ni nchi pana yenye watu wachache. Makao makuu ya wilaya ni mji wa Eureka, wenye watu zaidi ya 26,000, uliojengwa kando ya Ghuba ya Humboldt. Katika California nzima hakuna ghuba ya asili iliyo kubwa zaidi ya hii isipokuwa ile ya San Francisco. Hata hivyo mlango wake ni mwembamba, mawimbi yake ni makali, na merikebu nyingi za zamani zilivunjika hapo.

Kusini ya ghuba hiyo iko Rasi ya Mendocino, ambayo ni ncha ya magharibi kabisa ya mwambao wa California. Kupita rasi hiyo, milima ya King Range inatumbukia baharini bila kuacha uwanda wowote. Kilele cha King Peak kina urefu wa meta 1,246, na toka hapo mpaka majini ni kilometa tano tu hivi. Wahandisi waliojenga barabara kuu ya mwambao walipofika hapo waliona majabali hayapitiki kwa gharama ya kawaida, wakaigeuza barabara kuelekea bara. Kwa hiyo sehemu ile imebaki bila barabara kuu mpaka leo, na watu huiita Pwani Iliyopotea.

Mito mikubwa ya wilaya ni Klamath, Trinity, Mad, Eel na Mattole. Yote hupita katika mabonde membamba yenye kingo za udongo laini, na mvua kubwa inaponyesha udongo huo huporomoka upesi. Mji wa Eureka hupata mvua ya milimeta 1,000 hivi kwa mwaka, lakini katika baadhi ya milima ya kusini mvua hupita milimeta 2,500. Nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Aprili. Wakati wa kiangazi mvua hukatika, na badala yake ukungu mzito hupanda kutoka baharini karibu kila siku, ukaifanya hewa ya pwani kuwa ya baridi hata katika mwezi wa Agosti.

Ardhi yenyewe haina utulivu. Chini ya bahari, karibu na Rasi ya Mendocino, yanakutana mabamba matatu makubwa ya gamba la dunia, nayo husukumana daima. Tarehe 26 Januari 1700 tetemeko kubwa lilitikisa mwambao wote toka hapo kuelekea kaskazini. Wimbi lililotokana nalo lilivuka bahari mpaka Japani, na kwa kuwa Wajapani waliandika siku lililofika, wataalamu wa leo wameweza kuitambua tarehe hiyo. Tarehe 25 Aprili 1992 tetemeko la kipimo cha 7.2 liliinua sehemu ya ufuko karibu na kijiji cha Petrolia kwa kadiri ya meta moja, hata viumbe vya baharini vikaachwa vikifa juu ya miamba mikavu. Mengine yalifuata, likiwamo la Desemba 2022 lililoharibu nyumba, na la tarehe 5 Desemba 2024 lililotokea baharini kwa kipimo cha 7.0. Kinu cha umeme wa nyuklia kilichofunguliwa kando ya ghuba mwaka 1963 kilizimwa mwaka 1976, wala hakikuwashwa tena, kwa kuwa kukiimarisha dhidi ya matetemeko kungegharimu fedha nyingi mno.

MTI MWEKUNDU

Fahari ya Humboldt ni mti uitwao redwood, yaani mti mwekundu, kwa sababu ya rangi ya mbao zake. Mti huo hupenda mahali penye ukungu. Katika miezi isiyo na mvua majani yake hunasa matone ya ukungu, mengine yakanyonywa na majani yenyewe, na mengine yakadondoka chini kunywesha mizizi. Ndiyo maana misitu yake imefuata mwambao kama utepe mwembamba, na haiendi mbali bara.

Gome la mti huo laweza kufikia unene wa sentimeta 30, nalo huukinga na moto. Mbao zake haziozi upesi, na wadudu hawazipendi. Ukikatwa, kisiki chake hutoa machipukizi, na baadhi ya machipukizi hayo huwa miti mipya. Iko miti iliyoishi zaidi ya miaka 2,000.

Mrefu kuliko yote iliyo hai inayojulikana uligunduliwa mwaka 2006 katika bonde la Redwood Creek, ukapewa jina la Hyperion. Kimo chake ni meta 115.9. Askari anayetaka kukifahamu kipimo hicho na asimame mwanzoni mwa uwanja wa gwaride, aende hatua 155 za sentimeta 75 kila moja. Atakapofika mwisho, ajue kwamba amekwenda urefu wa mti mmoja. Mvule mkubwa wa meta 50 haufiki hata nusu yake.

WENYEJI WA ASILI

Kabla ya wageni kufika, nchi hiyo ilikuwa ya makabila kadha wa kadha. Wawiyot walikaa kandokando ya ghuba. Wayurok walikaa kando ya Mto Klamath na mwambao wa kaskazini. Wahupa katika bonde la Mto Trinity. Na Wakaruk juu zaidi ya Mto Klamath. Walijenga nyumba kwa mbao za mti mwekundu, wakachonga mitumbwi ya gogo moja, na chakula chao kikubwa kilikuwa samaki aitwaye samoni pamoja na matunda ya mwaloni yaliyosagwa. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi katika mto ule ule ili kutaga mayai. Basi uhai wa makabila hayo ulitegemea mito iliyo wazi na maji yaliyo safi.

Merikebu moja iliyokodiwa na kampuni ya Warusi iliingia katika ghuba mwaka 1806 ikitafuta ngozi za wanyama wa baharini, kisha ghuba ikasahauliwa na wageni kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1848 dhahabu iligunduliwa California. Wachimbaji walifurika mpaka kwenye Mto Trinity, nao wakahitaji njia fupi ya kwenda baharini. Mwezi wa Desemba 1849 kundi la watu likiongozwa na Josiah Gregg, mtaalamu na msafiri mashuhuri, lilifika ghubani baada ya kutangatanga milimani kwa njaa. Gregg mwenyewe alikufa njiani katika safari ya kurudi. Mwaka 1850 merikebu zilianza kuingia, na mji wa Eureka ukaanzishwa. Ghuba ilipewa jina la Alexander von Humboldt, mtaalamu wa Kijerumani ambaye hakupata kuikanyaga nchi hiyo hata siku moja. Wilaya yenyewe iliundwa mwaka 1853.

ASKARI WA NGOMENI

Walowezi na wenyeji walianza kugombana mara. Walowezi walichukua ardhi, ng'ombe wao wakala mbegu na mizizi waliyoitegemea wenyeji, na machimbo ya dhahabu yakachafua mito ya samaki. Serikali ilijenga ngome iitwayo Fort Humboldt mwaka 1853, juu ya mwinuko unaotazama ghuba, ili askari walinde amani kati ya pande mbili.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu, na maisha ya ngomeni yalikuwa ya upweke. Mwezi wa Januari 1854 aliwasili hapo ofisa mmoja kijana, jina lake Ulysses Grant. Mkewe na watoto wake wawili walibaki mbali sana, huko Missouri, na mtoto wa pili alikuwa hajamwona tangu azaliwe. Mshahara wake haukutosha kuwaleta, na barua zilichelewa kwa majuma mengi. Mvua haikukatika, wala hapakuwa na shughuli ya kumsahaulisha. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Grant alijiuzulu jeshi ili arudi kwa jamaa yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 alirejea jeshini, akapanda cheo mpaka kuwa mkuu wa majeshi yote ya Serikali ya Muungano, na kutoka mwaka 1869 mpaka 1877 alikuwa Rais wa Marekani. Jeshi lilikaribia kumpoteza mtu wa namna hiyo kwa sababu ya mambo ambayo kila kambi huyajua: posho ndogo na jamaa iliyo mbali.

USIKU WA FEBRUARI 1860

Katika ghuba kiko kisiwa kiitwacho Tuluwat. Kila mwaka Wawiyot walikutana hapo kwa ibada ya siku kadhaa ya kuifanya upya dunia. Mwezi wa Februari 1860 walikutana kama desturi. Usiku mmoja, wanaume wengi walipokuwa wamekwenda kutafuta mahitaji ya sherehe, kundi la walowezi lilivuka maji kimya kimya likiwa na mashoka na visu. Waliouawa walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Usiku ule ule vijiji vingine vilishambuliwa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 80 na 250.

Mkuu wa ngome, Meja Gabriel Rains, alililaani tendo hilo katika taarifa zake. Kijana aitwaye Bret Harte, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi, alikuwa akishika nafasi ya mhariri katika gazeti la mji jirani. Naye aliwashutumu wauaji waziwazi. Haukupita muda, ikambidi auhame mji ule. Majina ya wauaji yalinong'onwa mitaani, lakini hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Mabaki ya Wawiyot waliwekwa kwanza ngomeni kwa usalama wao, kisha wakahamishiwa mbali na nchi yao.

Hapo ndipo palipo na somo kwa kila mlinzi wa usalama. Ngome ilikuwapo, bunduki zilikuwapo, na sheria iliyokataza mauaji ilikuwapo pia. Kilichokosekana ni watu walio tayari kusimama kizimbani kutoa ushahidi, na mahakama iliyo tayari kuusikia. Sheria isiyomlinda mnyonge siku ya hatari ni wino tu juu ya karatasi.

Na uovu ulioachwa bila adhabu huzaa mwingine. Mwezi wa Februari 1885 diwani mmoja wa Eureka aliuawa kwa risasi iliyopotea katika ugomvi wa Wachina wawili. Badala ya kuwatafuta wenye hatia, umati wa watu uliwafukuza Wachina wote wa mjini, kiasi cha watu 300, wakapakiwa katika meli kupelekwa San Francisco katika muda wa siku mbili. Kosa la mmoja lilitwikwa kabila zima.

SHOKA NA MVUKE

Dhahabu haikudumu. Walowezi waligeukia misitu, na tangu miaka ile ya 1850 viwanda vya kupasulia mbao vilijipanga kandokando ya ghuba. Kwanza magogo yalikokotwa na maksai. Mwaka 1881 John Dolbeer wa Eureka alibuni mashine ya mvuke yenye kamba ndefu iliyovuta magogo kutoka mahali ambapo mnyama hawezi kufika. Tajiri mshiriki wake, William Carson, alijijengea kati ya mwaka 1884 na 1886 jumba la mbao la ajabu ambalo bado limesimama Eureka. Mji wa San Francisco ulipoangamizwa na tetemeko na moto mwaka 1906, mbao za kuujenga upya zilitoka kwa wingi katika misitu hii. Mwaka 1914 reli ilikamilishwa kuunganisha ghuba na kusini, na biashara ikazidi.

Watu walisema misitu haina mwisho. Lakini katika eneo lote la miti myekundu, linalokadiriwa kuwa ekari milioni 2 kabla ya shoka, leo imebaki asilimia 5 tu hivi ya msitu wa kale usioguswa. Msitu mwingine uliopo ni wa miti iliyochipuka baadaye.

Milima iliyovuliwa miti hushindwa kuyashika maji. Katika juma la Krismasi ya mwaka 1964, mvua kubwa za siku nyingi zilifurisha Mto Eel kupita kumbukumbu zote. Udongo wa milima iliyokatwa miti ulishuka pamoja na maji, na magogo ya viwandani yakawa kama nyundo za kubomoa madaraja. Vijiji vya Pepperwood na Weott viliharibiwa vibaya. Helikopta ya kikosi cha ulinzi wa pwani iliyokuwa ikiokoa watu ilipotea katika giza na mvua, ikaanguka mlimani, na wote waliokuwamo wakafa, waokoaji pamoja na waliookolewa. Miongoni mwao alikuwamo rubani wa jeshi la maji la Kanada aliyekuwa akihudumu huko kwa mpango wa kubadilishana maofisa.

AKINA MAMA WA EUREKA

Isidhaniwe kwamba wakazi wote walikaa kimya. Mwaka 1919 akina mama wa wilaya walianzisha chama chao cha kuiokoa miti myekundu. Hawakuwa na vyeo wala viwanda. Walikuwa wake wa wafanyabiashara, wa mawakili na wa watu wa kawaida. Waliandika barua, wakachangisha fedha, na kudai kwamba sehemu za msitu zinunuliwe na kutunzwa. Mwaka 1924 kiongozi wao, Bibi Laura Mahan, aliposikia kwamba msitu wa uwanda wa Dyerville umeanza kukatwa kimya kimya, alikwenda huko pamoja na mumewe, wakauzuia ukataji na kuitangaza habari hiyo mpaka wenye msitu wakarudi nyuma. Hifadhi ya jimbo iliyoanzishwa huko mwaka 1921 ikaendelea kupanuliwa, na mamilioni ya watu wamekwisha kuitembelea.

MTI AU MSHAHARA?

Mwezi wa Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuanzisha Hifadhi ya Taifa ya Redwood. Iligunduliwa upesi kwamba udongo kutoka milima ya juu, iliyokuwa ikikatwa bado, ulikuwa ukiporomokea katika msitu uliohifadhiwa. Ikapendekezwa hifadhi ipanuliwe.

Hapo wafanyakazi wa mbao waliona mkate wa watoto wao unachukuliwa. Mwaka 1977 walifunga safari ya malori kuvuka Marekani nzima mpaka Washington. Juu ya lori mojawapo walipakia gogo kubwa lililochongwa kwa umbo la karanga, ili wamkumbushe Rais Jimmy Carter, aliyekuwa mkulima wa karanga, kwamba yeye alicheza na riziki yao. Karanga hiyo haikupokelewa. Mwezi wa Machi 1978 Carter alitia sahihi sheria iliyoongeza ekari 48,000, na ndani yake ukawekwa mpango wa kuwalipa na kuwafundisha kazi nyingine wafanyakazi waliopoteza ajira.

Wafanyakazi wale hawakuwa wajinga wala adui wa miti. Walifahamu kwamba mti ukihifadhiwa, mtu wa San Francisco hupata mahali pa kutembea, na wao hukosa mshahara wa mwisho wa mwezi. Swali lao lilikuwa la haki. Lakini hatari kubwa zaidi kwa ajira yao haikutoka kwa watunza misitu peke yao, kama mambo yaliyofuata yalivyoonyesha.

Katika mji wa Scotia ilikuwako kampuni ya zamani ya Pacific Lumber. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa za kampuni, na kampuni yenyewe ilijulikana kwa kukata kwa kiasi, ili msitu usiwaishie wajukuu. Mwaka 1985 kampuni ya Maxxam kutoka nje, ikiongozwa na Charles Hurwitz, ilianza kununua hisa zake kwa fedha za mikopo ya riba kubwa, ikaitwaa. Ili deni lilipwe, ukataji uliongezwa karibu mara mbili. Kwa miaka michache kulikuwa na kazi tele na masaa ya ziada. Kisha yakaja maandamano, kesi mahakamani na ugomvi wa jirani kwa jirani. Mwanamke mmoja kijana, Julia Butterfly Hill, alikaa juu ya mti kwa siku 738, toka Desemba 1997 mpaka Desemba 1999, ili usikatwe. Mwezi wa Machi 1999 serikali kuu na serikali ya jimbo zilinunua msitu wa Headwaters wenye ekari 7,472 kwa dola milioni 380. Hata hivyo deni lilibaki kubwa kuliko miti. Mwaka 2007 kampuni ilijitangaza mufilisi, na mwaka 2008 mali zake zikapewa wenye mpango mwingine wa kukata kwa kiasi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika msitu, daftari ni hesabu ya miti inayokua kila mwaka. Aliyekata kupita hesabu hiyo alikuwa akila mtaji akidhani anakula faida.

ZAO LA SIRI

Kazi za mbao zilipopungua, wengine waliingia katika kilimo cha bangi, kilichokuwa kimeanza milimani tangu miaka ya 1970. Kuanzia mwaka 1983 polisi walipeleka helikopta kila mwaka kung'oa mashamba, na mwaka 1990 hata askari wa jeshi la nchi kavu walitumwa katika milima ya King Range. Bei ilizidi kupanda kwa sababu ya hatari yenyewe. Mwaka 1996 jimbo liliruhusu matumizi ya tiba, na mwaka 2016 wapiga kura wakaihalalisha kwa watu wazima, jambo ambalo sheria za nchi nyingi, za Afrika ya Mashariki zikiwamo, zimelikataza. Wakulima walitegemea neema. Badala yake mashamba makubwa ya mahali pengine yalijaza soko, bei ikaanguka kuanzia mwaka 2021, na wengi wakaacha mashamba na madeni. Maduka ya vijijini yaliyoishi kwa fedha hizo nayo yakadhoofika.

HALI YA LEO

Leo waajiri wakubwa wa Humboldt ni idara za serikali, hospitali na shule. Chuo kikuu kilichoko Arcata kilianzishwa mwaka 1913 kama chuo cha kufundishia walimu, na tangu mwaka 2022 kimekuwa chuo kikuu cha ufundi. Mbao bado hupasuliwa, lakini kwa viwanda vichache. Katika uwanda wa Mto Eel, karibu na mji wa Ferndale, wafugaji ambao babu zao walitoka Denmark, Ureno na Uswisi hukamua maziwa na kutengeneza siagi na jibini. Ghuba hutoa sehemu kubwa ya chaza wanaoliwa California, na bahari hutoa kaa. Watalii huja kuitazama miti. Reli haiko tena: sehemu yake ya kaskazini ilifungwa mwaka 1998 kwa sababu ya maporomoko ya udongo.

Jambo la kutia moyo limetokea mtoni. Mwezi wa Septemba 2002 samoni wapatao 34,000 walikufa katika Mto Klamath, kwa kuwa maji yalikuwa machache na ya moto. Wayurok na makabila mengine walidai kwa miaka mingi kwamba mabwawa manne ya umeme yaliyoko juu ya mto yavunjwe. Kazi hiyo ilifanyika mwaka 2023 na 2024, na kabla ya mwaka 2024 kwisha samoni walikwisha onekana wakipanda kupita mahali palipokuwa na kuta. Hata hivyo mavuno ya baharini hayakurudi kwa amri: mwaka 2023 na 2024 uvuvi wa samoni wa biashara ulifungwa katika California yote.

Na kisiwa cha Tuluwat? Mwaka 2000 Wawiyot, kwa fedha walizochangisha wenyewe, walinunua ekari moja na nusu mahali palipokuwa na kiwanda cha kutengenezea meli, wakaanza kuusafisha udongo uliojaa sumu. Mwaka 2004 baraza la mji wa Eureka liliwarudishia ekari 40, na mwezi wa Oktoba 2019 likawarudishia sehemu yake yote iliyobaki, ekari 200 hivi. Mwaka 2014 ibada iliyokatizwa kwa mashoka mwaka 1860 ilifanywa tena mahali pale pale, baada ya miaka 154. Mji ulirudisha ardhi bila kulazimishwa na mahakama. Wajukuu wa wale walionyamaza ndio waliopiga kura.

Habari za Humboldt zaonyesha kwamba mali ya asili haimfanyi mtu kuwa maskini wala tajiri kwa yenyewe. Dhahabu ilikuja ikaenda. Miti ilianguka kwa miaka mia moja na zaidi. Bangi iliinua bei ikaishusha. Kila mara watu walipotegemea kitu kimoja, na kila mara walipokula kuliko kilivyoweza kukua, walibaki na nyumba tupu. Vilivyodumu ni vile vilivyofanyiwa kazi kwa subira: ng'ombe wa maziwa, shule, chaza wanaopandwa na kuvunwa kwa hesabu, na ule msitu uliopiganiwa na akina mama.

Baba au mama aliye na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kambini au kijijini, hana mti wa meta 115 wa kuuokoa. Lakini yumkini ana mmoja au miwili inayokinga mteremko usimomonyoke na kuwapa watoto kivuli. Akilazimika kuukata, apande miwili, kisha awaonyeshe watoto mahali alipoipanda.